Andika "lip", usiandike "lipa": barua pepe inapogoma kutafuta kipande cha neno

Mhasibu wa kampuni moja ya uwakala wa forodha, ofisi yao iko jirani na Mtaa wa Samora, alinipigia simu jioni moja sauti ikiwa juu. "Mwanangu, hii kompyuta imekula barua zangu." Nikamwamkia kwanza, shikamoo mama, kisha nikamuuliza anatafuta nini. Mteja wao alikuwa anakana deni. Mama alikumbuka vizuri kwamba miezi michache nyuma mteja huyohuyo aliandika mwenyewe kuwa atamaliza deni kabla ya mwezi kwisha. Aliandika "lipa" kwenye kisanduku cha kutafutia, programu ikamletea matangazo mawili ya "lipa kwa simu" na basi.

Nilipofika tuliifungua folda ya mteja yule tukateremka nayo taratibu, barua baada ya barua. Ilikuwepo. Mteja aliandika "malipo yatakamilishwa Ijumaa". Ndani ya sentensi hiyo hakuna neno "lipa". Kuna "malipo", na kwa programu yake hayo ni maneno mawili yasiyojuana kabisa.

Shida hii inatupata sisi tunaoandika kwa Kiswahili kuliko wanaoandika kwa Kiingereza, na sababu iko kwenye lugha yenyewe. Nitaieleza hapa chini pamoja na dalili nyingine zinazofanana nayo, maana mara nyingi mtu anadhani ana tatizo moja kumbe ana jingine. Nitazungumzia zaidi programu mbili za barua pepe, Thunderbird na Outlook ya zamani ya Windows, ile wanayoiita "classic", kwa kuwa ndizo ninazozikuta kwenye ofisi nyingi za mjini.

Anza na jaribio hili kabla ya kugusa mipangilio

Chagua barua moja ambayo unaiona kwa macho yako sasa hivi kwenye kikasha. Tuseme kichwa chake ni "Tumepokea kontena". Tafuta mara tatu, kila mara kwa kipande tofauti: kwanza "tumepokea", halafu "tumepo", halafu "poke".

Kama hata neno zima "tumepokea" halileti barua hiyo, usihangaike na vipande. Faharisi ya programu yako, yaani orodha ya maneno inayotafutia, imeharibika au haijakamilika, au unatafuta kwenye folda isiyo yake. Ruka hadi sehemu ya "Hata neno zima halipatikani" hapo chini.

Kama neno zima linaleta lakini "tumepo" haileti, chombo unachotumia kinalinganisha maneno mazima tu. Ndivyo ulivyo utafutaji mkuu wa Thunderbird, ule unaofunguka kwa Ctrl+K.

Kama "tumepo" inaleta na "poke" haileti, chombo chako kinasoma neno kuanzia mwanzo peke yake. Hiyo ndiyo tabia ya kisanduku cha kutafutia cha Outlook.

Na kama vyote vitatu vinaleta, programu iko sawa. Kinachokusumbua ni kipande unachochagua, na hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

"Neno zima linapatikana, kipande cha katikati hakipatikani"

Programu ya barua pepe haisomi barua zako zote kila unapotafuta. Ingefanya hivyo kwenye kikasha chenye barua elfu arobaini ungeenda kunywa chai na kurudi. Badala yake inatengeneza faharisi, kama ile ya mwisho wa kitabu: orodha ya maneno yote, na mbele ya kila neno barua zilimo. Orodha imepangwa kwa alfabeti. Ukiuliza maneno yanayoanza na "kont", inakwenda moja kwa moja kwenye K na kukuletea kontena na kontua. Ukiuliza maneno yenye "lip" katikati, orodha haina msaada, kwa sababu malipo yako kwenye M, kulipa iko kwenye K, wamelipa kwenye W na yatalipwa kwenye Y. Yametawanyika nyumba nzima.

Kwa Kiingereza hili halisumbui sana. Lugha ile hubadilisha mkia wa neno, kwa hiyo ukiandika mwanzo wa neno umeshika karibu jamaa zake wote. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni ya kukata mikia ya maneno ya Kiingereza ili kompyuta ione kuwa "pay" na "paying" ni ukoo mmoja. Utafutaji mkuu wa Thunderbird, uliokuja na toleo la 3 mwishoni mwa mwaka 2009, umejengwa juu ya kanuni hiyo. Ni kazi nzuri sana, ila kisu chake kinakata upande ambao Kiswahili hakibadiliki sana. Sisi tunabadilisha kichwa: nafsi, wakati, ngeli, ukanushaji, vyote vinapangwa foleni mbele ya mzizi. Hatujalipa, wangelipa, kilicholipwa, nitakayemlipa. Mzizi umefichwa ndani kama kokwa.

Mtu aliyefundishwa kutumia Kamusi ya Kiswahili Sanifu analijua hili toka shuleni. Ukitaka maana ya "hawakutulipa" huendi kwenye H, unavua viambishi mpaka ubaki na "lipa". Kamusi inategemea kwamba msomaji atavua. Faharisi ya barua pepe haivui na haitegemei uvue, inachukua neno kama lilivyo.

Sasa tiba.

Kwenye Thunderbird, acha kisanduku kikuu. Ingia kwenye folda unayoishuku kisha bonyeza Ctrl+Shift+K. Utafunguka mstari wa kichujio juu ya orodha ya barua, unaoandikwa "Quick Filter". Huu hautumii faharisi ile kubwa. Unalinganisha herufi kwa herufi, popote zilipo ndani ya neno, bila kujali herufi kubwa au ndogo. Andika "lip" na utaona malipo, kulipwa na mlipaji vikijitokeza hapohapo huku unaandika. Chini ya kisanduku kuna vitufe vya kuchagua pa kutafuta: mtumaji, wapokeaji, kichwa na mwili wa barua. Cha mwili huwa hakijabonyezwa mwanzoni, kwa hiyo kama unatafuta maneno ya ndani kibonyeze mwenyewe.

Kichujio hiki kina mpaka mmoja: kinaangalia folda uliyofungua tu. Ukitaka kupita kwenye folda nyingi kwa mpigo tumia Ctrl+Shift+F. Dirisha litakalofunguka linakuruhusu kuchagua akaunti nzima, kuingiza folda ndogo, na kuweka masharti kadhaa pamoja, mfano kichwa kina "lip" na mtumaji ana "forodha". Hapa nako utafutaji ni wa kipande. Ukiona swali hilo unalirudia kila wiki, kuna kitufe cha kulihifadhi kama folda ya utafutaji, "Save as Search Folder". Yule mama mhasibu sasa anayo folda inayoitwa Malipo ambayo haina barua hata moja ndani yake, inakusanya tu kutoka kwingine kila anapoifungua. Naona ndiyo zana yenye faida kuliko zote katika Thunderbird, na ni wachache wanaoijua.

Kwenye Outlook ya zamani, kisanduku cha juu hakitakupa katikati ya neno hata ufanyeje. Watu wanajaribu kuweka nyota mbele, "*lipo", wakitumaini itasaidia. Katika lugha ya kutafutia ya Microsoft nyota inakubalika mwishoni mwa kipande, mwanzoni haikubaliki. Njia inayofanya kazi ni kuchuja folda: nenda "View", kisha "View Settings", kisha "Filter", kisha ukurasa wa "Advanced". Chagua sehemu ya "Subject", sharti liwe "contains", andika "lip", bonyeza "Add to List" na ukubali. Hapo Outlook inalinganisha herufi zenyewe bila kupitia faharisi. Inakwenda polepole kidogo kwenye folda kubwa, na inakubidi ukumbuke kuondoa kichujio baadaye. Hilo la kuondoa nitalirudia mwishoni, maana limewahi kuniamsha usiku.

Wanaosoma barua za Gmail kwa kivinjari wajue kuwa Gmail nayo inatafuta maneno na haikubali vipande vya katikati. Kuna wakati hili linakufuata mpaka kwenye Thunderbird. Dirisha la Ctrl+Shift+F lina kisanduku cha kuweka tiki cha kutafuta kwenye seva. Kanuni ya mwaka 2003 ya IMAP, njia ya kusoma barua zikiwa zimekaa kwenye seva, inasema seva itafute kipande popote kilipo, lakini Gmail inajibu kwa mtindo wake wa maneno mazima. Ukiwa na akaunti ya Gmail na matokeo yanakuja pungufu, ondoa tiki hiyo ili kompyuta yako itafute yenyewe.

"Napata vipande, lakini matokeo si ninayotaka"

Hapa hakuna mpangilio wa kubofya. Ni suala la kuijua lugha.

Kanuni yangu ni kuacha irabu ya mwisho. "Lipa" inakosa malipo na kulipwa, "lip" inashika vyote. "Nunu" inaleta nunua, manunuzi, ununuzi na mnunuzi. "Kagu" inaleta amekagua, ukaguzi na wakaguzi. "Poke" inaleta imepokelewa, mapokezi na mpokeaji. "Ongez" inaleta nyongeza na limeongezeka. "Kop" inaleta mkopo, mikopo na wanaotukopa, ingawa italeta na kila aliyeandika "kopi".

Zipo sehemu ambapo hata konsonanti ya mwisho inageuka, hapo inabidi urudi nyuma hatua moja zaidi. Jenga inazaa ujenzi: "jeng" itakosa "ujenzi", na "jen" itakuletea ajenda zote za vikao. Linda inazaa ulinzi na mlinzi. Kwa maneno ya namna hiyo usitafute kipande kimoja, tafuta viwili. Kichujio cha Thunderbird kinakubali mkwaju wa wima kwa maana ya "au", basi andika "jeng|jenz". Ukiacha nafasi kati ya vipande, kinadai vyote viwepo.

Kwa majina ya vitu vua kiambishi cha ngeli. Mzigo na mizigo, tafuta "zigo". Mkataba na mikataba, tafuta "kataba". Waraka na nyaraka vinakutana kwenye "araka", na hapa nakupa pole mapema, kwa sababu "araka" imo ndani ya "haraka", na sijaona ofisi Dar ambayo barua zake hazina "kwa haraka". Ongeza kipande cha pili kinachoelekea kuambatana nacho, kama "araka forod".

Kipande kibaya kuliko vyote ni "anz". Mtu anatafuta mwanzo, imeanza, kuanzia, anaandika "anz" akijua anafanya vizuri, programu inamrudishia kikasha kizima. Sababu ni neno Tanzania, ambalo liko kwenye anwani ya chini ya kila barua. Ukilazimika kutumia "anz", bana utafutaji kwenye kichwa tu, uache mwili wa barua.

Jina la jiji letu lenyewe ni mtihani. Watu wanaliandika Dar es Salaam, Dar-es-Salaam, Daresalaam na DSM. Hakuna kipande kimoja kinachoshika zote. "Salaam" inashika tatu za kwanza pamoja na kila aliyeanza barua kwa salaam. Ningetafuta mtaa au kata badala ya jiji, Kurasini au Kariakoo, ambayo watu wanaiandika kwa namna moja.

Na maneno yenye ng' yana shida yake. Alama ile ya juu inaweza kuandikwa iliyonyooka au iliyopinda, kutegemea kama mwandishi alitumia simu au kompyuta, na kwa programu hizo ni alama mbili tofauti. Tafuta kilichobaki baada ya alama. Kwa "ng'ambo" tafuta "ambo" na uwe tayari kukutana na "mambo" njiani.

Mwisho wa hili, kumbuka mwandishi mwenzako anaweza kuwa hakutumia neno lako. Ankara yako ni invoisi yake. Stakabadhi yako ni risiti yake, na kuna anayeiandika "lisiti". Mkwaju wa wima unasaidia: "ankara|invoi|invoice".

"Namba ya kontena inapatikana siku nyingine, siku nyingine haipatikani"

Ofisi za pale bandarini zinalia na hili kuliko maneno. Mteja anapiga simu anasema "lile kontena langu, mwisho wake elfu tisa mia moja thelathini na saba", na karani anaandika 9137 akitarajia kuliona.

Namba ya kontena kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 6346 ina herufi nne na tarakimu saba: herufi tatu za mmiliki, ya nne ikiwa U kwa makontena ya kawaida, tarakimu sita za namba yenyewe, na moja ya mwisho ya uhakiki. Ile ya mwisho mara nyingi huchorwa ndani ya kisanduku pembeni kwenye ubavu wa kontena, ndiyo maana watu wanaitenga wanapoandika. Basi namba ileile inafika ofisini kwa sura nyingi: ABCU4829137, ABCU 482913-7, ABCU482913/7.

Faharisi inakata maneno kwenye nafasi, na aghalabu kwenye kistari na mkwaju pia. Sura ya kwanza ni neno moja, kwa hiyo Outlook itaipata ukiandika "ABCU" na haitaipata ukiandika "4829". Sura ya pili ni maneno matatu, na "4829" ni mwanzo wa mojawapo, hivyo itapatikana. Karani anaona programu ina kigeugeu. Haina. Waandishi wa barua ndio walioandika tofauti.

Kipande salama ni zile tarakimu sita za katikati, 482913, kwa kichujio kinacholinganisha herufi. Acha tarakimu ya uhakiki, ndiyo inayotengwa. Acha na herufi za mwanzo kama huna uhakika ziliandikwa zimebanana. Ile 9137 ya mteja itakosa kila barua iliyoandika 913-7, basi tafuta "913" pamoja na jina la mteja.

TIN, namba ya mlipakodi, ina mtego huohuo, kwa vile tarakimu zake tisa wengine wanaziandika tatu tatu kwa vistari na wengine kwa mkupuo. Tarakimu tatu za kwanza zitashika zote mbili hata kwenye chombo kinachosoma mwanzo tu. Namba ya kumbukumbu ya malipo, ile kontrol namba, kwa kawaida inaandikwa imeshikana, na watu wanakumbuka mkia wake. Mkia ni kazi ya kichujio, si ya kisanduku kikuu.

Kwa ofisi yenyewe nashauri jambo moja ambalo halihitaji fundi: kubalianeni namna moja ya kuandika namba kwenye kichwa cha barua, ikiwa imeshikana, na kila anayejibu asikifute kichwa hicho. Barua za wateja hutaziweza, lakini majibu yenu yote yatapatikana, na jibu linakupeleka kwenye barua ya asili.

"Hata neno zima halipatikani, na jana lilipatikana"

Hii ni faharisi. Kwa uzoefu wangu hapa mjini chanzo kikubwa ni umeme kukatika kompyuta ya mezani ikiwa inaandika kwenye faili la faharisi, haina betri, haina UPS ya kushikilia umeme. Barua hazidhuriki mara nyingi, orodha ndiyo inayobaki nusu.

Kwenye Thunderbird jaribu kwanza kidogo: bonyeza kulia kwenye folda, chagua "Properties", kisha "Repair Folder". Hii inajenga upya orodha ya folda hiyo moja. Kama akaunti ni ya IMAP itapakua tena taarifa za barua kutoka kwenye seva, kwa hiyo usifanye kwa folda kubwa ukiwa unategemea bando la simu.

Kama utafutaji mkuu ndio uliokufa, nenda kwenye menyu ya "Help", fungua ukurasa wa taarifa za utatuzi, na ubonyeze kitufe cha kufungua folda ya wasifu wako. Funga Thunderbird kabisa. Ndani ya folda hiyo kuna faili linaloitwa global-messages-db.sqlite. Lifute hilo peke yake, usiguse lolote jingine, kisha fungua Thunderbird uiache ifanye kazi. Faili hilo ni faharisi, barua zenyewe zinakaa kwenye mafaili mengine. Hata hivyo mimi huwa nanakili folda nzima ya wasifu kwenye diski ya nje kabla sijafuta chochote, na nawe ufanye hivyo. Maendeleo yake utayaona kwenye "Activity Manager" ndani ya menyu ya "Tools". Kwa kikasha kikubwa iache usiku kucha.

Kwenye Outlook bonyeza ndani ya kisanduku cha kutafutia, fungua "Search Tools", kisha "Indexing Status". Kikisema bado kuna maelfu ya barua yamebaki, subiri. Kama namba haishuki baada ya saa kadhaa, fungua "Indexing Options" kwenye Windows, hakikisha Microsoft Outlook imo kwenye orodha ya vinavyoingizwa, kisha "Advanced" na "Rebuild". Ikijengwa upya na bado matokeo ni mabovu, faili la barua lenyewe linaweza kuwa na kasoro. Microsoft wameweka zana ya kulirekebisha inayoitwa SCANPST.EXE. Usiiendeshe bila nakala.

"Za karibuni napata, za zamani sipati"

Outlook iliyounganishwa na seva ya Exchange au Microsoft 365 haihifadhi barua zote kwenye kompyuta. Kuna kitelezi ndani ya mipangilio ya akaunti kinachosema barua za muda gani ziwekwe, na mara nyingi kimesimama kwenye mwaka mmoja. Za kabla ya hapo ziko kwenye seva, na kichujio cha folda hakizioni. Kisogeze mpaka "All" kama diski yako ina nafasi na intaneti ya ofisi inaruhusu.

Barua zilizohamishiwa kwenye faili la kumbukumbu la .pst kwenye diski ya nje hazipatikani mpaka ulifungue faili hilo ndani ya Outlook. Kwenye Thunderbird angalia mipangilio ya usawazishaji ya akaunti ya IMAP.

"Kichwa kinapatikana, maneno ya ndani hayapatikani"

Kwanza kile kitufe cha mwili wa barua nilichokitaja. Pili, kwenye IMAP kama barua haijapakuliwa, kompyuta ina kichwa chake tu na haiwezi kutafuta isichokuwa nacho.

Tatu ni viambatisho. Thunderbird haisomi yaliyomo ndani ya viambatisho inapotafuta. Outlook inaweza kusoma PDF, lakini PDF nyingi zinazozunguka kwenye ofisi zetu ni picha: barua imechapwa, imepigwa mhuri, imesainiwa, imeskaniwa. Wewe unaona maandishi, kompyuta inaona picha ya karatasi. Hakuna kichujio kitakachopata "lip" humo. Anayetuma aandike kwenye mwili wa barua mstari mmoja unaosema kiambatisho kinahusu nini, pamoja na namba.

"Folda ilikuwa na barua elfu tatu, sasa zimebaki nne"

Simu hii niliipokea saa sita usiku. Mtu analia, anadhani amedukuliwa. Ukipigiwa au ukiyaona mwenyewe, usifute wala usirejeshe chochote. Kwenye Thunderbird tazama juu ya orodha kama kile kisanduku cha kichujio bado kina maandishi, na kama alama ya pini iliyo pembeni yake imebonyezwa. Pini inakibeba kichujio kutoka folda moja hadi nyingine, kwa hiyo kila folda itaonekana imepukutika. Futa maandishi, bonyeza pini iachie. Kwenye Outlook tazama chini kushoto. Ukiona imeandikwa kuwa kichujio kinatumika, rudi "View Settings", "Filter", na ubonyeze "Clear All". Barua zitarudi zote, palepale zilipokuwa.